Tusihukumu hospitali kwa mabenchi yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie ubishi unaozuka karibu kila nyumba mtu anapougua: apelekwe hospitali ya serikali au ya binafsi? Mijini jibu limekuwa jepesi mno. Mwenye fedha mkononi, au mwenye kadi ya bima inayokubalika, anakwenda binafsi, na serikalini wanabaki wasio na namna. Tumefika mahali mtu anaona haya kutaja kwamba mkewe alijifungulia kituo cha afya cha kata, hata kama mama na mtoto walitoka salama salimini. Kwa sisi tunaofanya kazi ya dawa, hukumu hiyo inauma, kwa sababu inatolewa kwa kutazama mabenchi, feni na maneno ya mapokezi. Mambo yanayoamua kama mgonjwa atapona yako mbali na mapokezi. Yako maabara, stoo ya dawa, wodi ya wazazi saa nane za usiku, na kwenye barua ya rufaa.

Ukuta tunaoujenga vichwani kati ya serikali na binafsi haupo hivyo katika kazi. Hapa Tanzania, sheria ya 1977 ilizuia tiba ya biashara na kuyaacha mashirika ya dini yaendelee. Mwaka 1991 mlango ukafunguliwa tena, na kuanzia 1993 hospitali za serikali zenyewe zikaanza kutoza uchangiaji. Ndani ya miaka michache mwananchi aliyezoea tiba ya bure akajikuta analipa kote kuwili, na ilikuwa haki yake kuanza kulinganisha. Ila tazama anacholinganisha. Bugando ya Mwanza ni mali ya maaskofu Katoliki, KCMC ya Moshi iko chini ya shirika la Msamaria Mwema, na zote mbili ni hospitali za rufaa za kanda zenye watumishi wanaolipwa mshahara na Hazina. Wilaya kadhaa zisizokuwa na hospitali ya serikali zimehudumiwa kwa miaka mingi na hospitali teule, yaani hospitali ya kanisa iliyoingia mkataba na serikali. Ndani ya Muhimbili, hospitali ya taifa, kuna huduma ya kulipia ya binafsi. Chanjo anayochomwa mtoto katika kliniki ya binafsi imetoka kwenye jokofu la halmashauri. Dawa za kifua kikuu na za kufubaza virusi vya UKIMWI ni hizo hizo pande zote mbili. Daktari uliyemlipa jioni mtaani huenda ndiye uliyemkimbia asubuhi kwenye foleni ya hospitali ya mkoa.

Kwa hiyo tofauti ya kweli ni ipi? Ni namna fedha inavyoingia, na namna kila upande unavyoshindwa. Kila upande unashindwa kwa njia yake, na mgonjwa asiyejua njia hizo ataumia popote aendapo.

Nianze na serikali, ambako lalamiko kubwa ni moja: "Dawa hakuna, nenda kanunue." Ni lalamiko la haki. Mtaani tunaamini dawa zimeibwa, na wizi upo, lakini mara nyingi kilichozimaliza ni hesabu. Zahanati haiendi Bohari ya Dawa, ghala la dawa la serikali, kuchukua inachotaka. Inajaza taarifa na maombi ya kipindi, kila dawa mstari wake: ilianza na kiasi gani, imepokea kiasi gani, imetumia kiasi gani, imebaki na kiasi gani, na ilikaa siku ngapi bila dawa hiyo. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika.

Tuseme kipindi ni siku 60, na zahanati inatumia vidonge 200 vya amoksilini kwa siku, yaani wagonjwa sita au saba. Mahitaji ya kipindi ni vidonge 12,000. Ikipokea 8,000, vitaisha siku ya 40. Mtumishi akiandika kwamba ametumia 8,000 na kuiacha tupu safu ya siku zisizo na dawa, mfumo utasoma kuwa zahanati hii inahitaji 8,000 tu, na kipindi kijacho zitaletwa 8,000, ambazo nazo zitaisha siku ya 40. Mwaka mzima wanakijiji watakosa dawa siku 20 katika kila siku 60, na kwenye karatasi kila kitu kitaonekana sawa. Angeandika siku 20, hesabu ingekuwa 8,000 gawanya kwa 40, zidisha kwa 60, na 12,000 ingetoka. Kosa la safu moja linazaa mwaka wa "nenda kanunue". Ongeza na msimu. Maombi yaliyojengwa juu ya matumizi ya kiangazi yanafika wakati masika yameanza na malaria imepanda. Ndiyo maana mfamasia wa wilaya anayezipitia fomu mstari kwa mstari kabla hajazipeleka anaokoa watu wengi kuliko wanavyojua.

Bohari isipokuwa na dawa, kituo kina njia ya pili. Chini ya mpango wa Jazia, ulioanza Dodoma 2014 na baadaye kuenea nchi nzima, kituo kinaweza kununua kwa mshitiri, muuzaji aliyeshindanishwa na mkoa na kukubaliana bei. Hapo inahitajika fedha kwenye akaunti ya kituo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti hizo, pamoja na za bima na za uchangiaji. Lakini matumizi yake hupitishwa na kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo wajumbe wake ni pamoja na wananchi wa hapo hapo. Kamati isipokaa, fedha inalala benki na rafu ya dawa inabaki tupu. Ni wananchi wangapi wanaolalamikia zahanati yao wanaowajua wajumbe wa kamati yake? Kikao hicho kina nguvu kuliko malalamiko yote ya kijiweni, kwa sababu ndicho kinachoamua kama fedha iliyopo itanunua dawa, rangi ya ukuta au posho.

Kuna jambo jingine linalokula stoo bila kelele. Watoto chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa kulipa. Msamaha huo ni haki na ulindwe. Ila kila kidonge kinachotoka kwa msamaha hakirudishi shilingi ya kununulia kingine. Kituo ambacho wagonjwa wake wengi ni hao kinategemea ruzuku, na ruzuku ikichelewa, anayefika na msamaha wake anakuta dirisha la dawa halina kitu. Halafu anaambiwa serikali imempa matibabu bure. Msamaha usiokuwa na fedha nyuma yake ni ahadi inayomfukuza mgonjwa kwenda duka la dawa, na huko ananunua kulingana na alichonacho mfukoni. Dawa mseto ya malaria kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne mara mbili kwa siku, siku tatu, dozi ya pili saa nane baada ya ya kwanza, zote pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Mwenye fedha ya vidonge 12 atameza 12, homa itashuka, vimelea vitabaki, na wiki mbili baadaye atasema dawa mseto haifanyi kazi.

Wakati mwingine dawa imekosekana kwa sababu haikupaswa kuwepo. Mwongozo wa taifa wa matibabu umezipanga dawa kwa ngazi: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya halmashauri, D hospitali ya rufaa ya mkoa, na S kwa huduma za kibingwa za juu. Mgonjwa anayefika zahanati na karatasi ya dawa ya ngazi ya D, aliyoandikiwa hospitali kubwa mjini, ataambiwa haipo, naye atahesabu hilo kuwa uzembe. Bima nayo inalipa kwa ngazi hizo. Aliyeandika karatasi hiyo alipaswa kumweleza mgonjwa mahali pa kuipata, au kumchagulia dawa inayopatikana karibu na nyumbani kwake, hasa kama ni dawa ya presha au kisukari atakayoitumia maisha yote.

Sasa binafsi. Zahanati ya binafsi inalipa pango, umeme, mishahara na kodi kutoka mfukoni mwa mgonjwa au kwenye bima yake. Mgonjwa akija na homa, akapimwa malaria ikakosekana, akaambiwa ni virusi, anywe maji, apumzike na arudi akiona dalili za hatari, kituo kimepata ada ya kumwona daktari na kipimo kimoja. Akitoka na dripu, sindano za siku tano na antibayotiki mbili, kituo kimelipa pango. Sisemi kila daktari wa binafsi anafanya hivyo. Wapo wanaokataa, na wanapoteza wateja kwa kukataa, maana mgonjwa mwenyewe anaudhika akirudishwa nyumbani mikono mitupu baada ya kulipa. Shinikizo linatoka pande zote mbili za meza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni taifodi na U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Katika miji yetu ni vigumu kutoka maabara ya mtaani na homa bila kuambiwa una mojawapo, au zote mbili. Kipimo kinachotumika sana kwa taifodi ni cha Widal, kinachotafuta kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya ugonjwa, katika damu. Kingamwili hizo zinaweza kuwepo kwa sababu uliugua zamani, au mwili ulikutana na bakteria wa jamaa moja, na katika nchi ambako taifodi ipo, watu wengi wasio na taifodi watapata majibu ya "chanya". Jibu la kuaminika linatokana na kuotesha damu maabara kuona kama bakteria wataota, kazi inayochukua siku kadhaa na isiyowezekana katika maabara ndogo. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam na Ifakara kwa watoto 1,005 wenye homa, ukachapishwa 2014, ulikuta maambukizi ya virusi kwa asilimia 70.5 ya watoto. Taifodi ilikuwa asilimia 3.7 na maambukizi ya njia ya mkojo asilimia 5.9. Linganisha tarakimu hizo na idadi ya watoto wanaomaliza chupa ya antibayotiki kila mwezi mtaani kwako.

Kuhara kwa mtoto ni vivyo hivyo. Tiba yake ya kwanza ni maji ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pakiti ikorogwe kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, pamoja na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa mtoto aliye chini ya miezi sita. Tiba hii ni ya bei ndogo sana, na kwa sababu hiyo wazazi wanaidharau. Dripu ni kwa mtoto aliyeishiwa maji kabisa: macho yameingia ndani, amelegea, hawezi kunywa, ngozi ya tumbo ukiivuta inarudi polepole. Mtoto anayekunywa na kucheza hahitaji kutundikiwa chupa, hata kama mzazi yuko tayari kuilipia. Na sindano ya malaria vivyo hivyo. Artesuneti ya sindano ni ya malaria kali, huchomwa mwanzoni, kisha baada ya saa 12 na baada ya saa 24, na mgonjwa akishaweza kumeza ni lazima amalizie dozi kamili ya dawa mseto ya siku tatu. Aliyechomwa sindano mbili akajisikia nafuu na kuacha hapo hajatibiwa, awe amelala kwenye chumba chenye kiyoyozi au wodi ya watu 30.

Nisiwaache pembeni wenye maduka ya dawa. Kwa wananchi wengi sekta binafsi ya kwanza wanayokutana nayo ni duka, kabla ya hospitali yoyote. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma 2003, yana kibali cha kuuza orodha maalumu ya dawa, na muuzaji wake amepata mafunzo. Ukiingia, tafuta kibali ukutani na uombe stakabadhi. Duka lisilotoa stakabadhi halitakumbuka lilikuuzia nini siku dawa itakapokudhuru.

Hofu kubwa kuliko zote inasemwa kwa sauti ya chini: "Hospitali ya serikali watu wanakufa." Ni kweli wanakufa wengi zaidi huko. Lakini uliza walifikaje. Zahanati nyingi za binafsi hazina chumba cha upasuaji wala damu, na hata baadhi ya hospitali za binafsi hazina daktari anayelala kituoni usiku. Mgonjwa anatibiwa hapo siku tatu, nne, hali inazidi kuwa mbaya, fedha inakwisha, ndipo anaandikiwa rufaa. Anapokelewa hospitali ya mkoa akiwa amezimia, anafariki baada ya saa mbili, na kifo kinaandikwa kwenye kitabu cha mkoa. Ile ya binafsi inabaki na sifa yake ya kutopoteza mgonjwa. Hospitali ya serikali haina mahali pa kumsukumia mgonjwa asiye na fedha, nayo inabeba matokeo ya maamuzi yaliyochelewa kwingine, yakiwemo ya zahanati za serikali zenyewe na ya nyumbani.

Hapa ndipo barua ya rufaa inapookoa maisha au kuyapoteza. Karatasi yenye neno "rufaa" na muhuri haitoshi. Inatakiwa ionyeshe joto, mapigo, presha na upumuaji vilivyopimwa mwisho na saa vilipopimwa, majibu ya vipimo, kila dawa iliyotolewa na dozi yake na saa yake, sababu ya kumpeleka mbele, na namba ya simu ya aliyeandika. Chukua kifafa cha mimba. Dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege lake, ni gramu 4 polepole kwenye mshipa pamoja na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila takoa. Mama akifika bila maandishi, daktari anayempokea yuko njia panda: akirudia dozi anaweza kuzimisha upumuaji, asiporudia na kumbe haikutolewa, mama atashikwa na degedege tena. Neno moja la maandishi lingemaliza shaka hiyo. Ndugu wa mgonjwa wana haki ya kuisoma barua kabla ya kuondoka na kuuliza, "Saa ya dawa iko wapi?" Na kwa mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga aliye hatarini, namba ya bure ya usafiri wa dharura wa m-mama ni 115. Iandikwe ukutani kila nyumba yenye mjamzito.

Anayechagua mahali pa kujifungulia aache kuuliza kama kuna chumba cha peke yake. Aulize kama kuna chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku, damu inatoka wapi na inachukua muda gani kufika, na kama oksitosini inahifadhiwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Oksitosini iliyokaa kwenye joto inapungua nguvu, na hiyo ndiyo sindano inayozuia mama asivuje damu baada ya kujifungua. Kituo kinachomtuma mama akainunue dukani, ikaja ikizunguka juani kwenye mkoba, kinampa ampuli ambayo huenda haina kazi tena. Hili linatokea serikalini, na halina utetezi. Akiambiwa lazima apasuliwe, mahali popote, aombe aelezwe sababu na aone imeandikwa kwenye faili. Upasuaji unalipa zaidi kuliko kuzaa kawaida, na mama anapaswa kujua kama sababu ni ya mtoto wake.

Lugha chafu siwezi kuipita. Ndiyo inayowaondoa watu serikalini kuliko hata ukosefu wa dawa, na hakuna mzigo wa kazi unaompa mtu ruhusa ya kumtukana mama mwenye uchungu. Nasema hivyo bila kigugumizi. Lakini anayetaka lugha hiyo iishe ajue pia hesabu ya chumba hicho. Mama aliye katika uchungu uliokolea anatakiwa kusikilizwa mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa. Kumgeuza, kutafuta mapigo, kuyahesabu dakika nzima, kuandika na kunawa ni kama dakika tano. Mkunga mmoja mwenye akina mama wanane anahitaji dakika 40 kumaliza mzunguko unaopaswa kurudiwa kila baada ya 30, na hapo hakuna aliyejifungua, hakuna anayevuja damu, hakuna mtoto wa kusaidiwa kupumua. Kazi hiyo haiwezekani kwa mkunga mmoja, awe mpole namna gani. Semina za huduma kwa mteja hazitaongeza mkono wa pili katika chumba kile. Mkunga wa pili wa zamu ya usiku ataongeza.

Upande wa bima, mwanachama wa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa kawaida anatazama kadi inakubalika wapi tu. Asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mfanyakazi na nusu ya mwajiri, inakwenda kwenye mfuko, na kituo kinatibu kwanza, kinajaza fomu, kinapeleka madai, yanahakikiwa, yanakatwa yasiyokubalika, ndipo kinalipwa. Madai yakichelewa, hospitali ya binafsi inaanza kupunguza huduma kwa wenye kadi, na kituo cha serikali kinakosa fedha ya kwenda kwa mshitiri. Machi 2024 hospitali kadhaa za binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama kwa sababu ya kitita kipya, yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko unazilipia, na watu waliojizoesha sehemu moja miaka yote walilazimika kutafuta pengine siku hiyo hiyo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inaleta watu wengi zaidi kwenye mlango huo huo. Kama malipo kwa vituo yatachelewa, kadi itakuwa nyingi na dawa chache. Mwanachama naye ana kazi yake: asisaini fomu tupu. Asome dawa na vipimo vilivyoandikwa, akatae asichopewa. Kila kipimo hewa kinalipwa na mfuko wa wenzake, na kesho kinakuwa sababu ya kuwakata wanaodai kwa haki.

Naomba mambo matatu, na yote yanawezekana bila jengo jipya. Wizara ya Afya na TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, ziagize kila kituo, cha serikali na cha binafsi chenye mkataba wa bima, kibandike mlangoni kila Jumatatu hali ya dawa na vifaa vichache: dawa mseto, kipimo cha haraka cha malaria, amoksilini, ORS na zinki, oksitosini, magnesiamu salfeti, dawa ya presha na ya kisukari. Ipo au haipo, na kama haipo, imekosekana siku ngapi. Safu ile inayosahaulika kwenye fomu ikisomwa na kijiji kizima haitasahaulika tena. Pili, ule utaratibu wa kuvipa vituo nyota, 0 hadi 5, ulioanza kutumika 2015/16 kwa vituo vya pande zote mbili, matokeo yake ya karibuni yawekwe getini kwa herufi kubwa pamoja na tarehe ya ukaguzi. Mwananchi alinganishe kwa hayo. Tatu, NHIF itangaze kila robo mwaka madai ambayo hayajalipwa yana umri wa siku ngapi, kwa kila mkoa.

Na kwa waandishi wa gazeti lako, Mhariri, nina ombi pia. Mnapoandika habari ya kifo hospitalini, tafadhali mtuulizie maswali manne kabla ya kutaja jina la hospitali: mgonjwa alianza kutibiwa wapi, alikaa huko siku ngapi, alifika saa ngapi na barua ilisema nini, na siku hiyo zamu ilikuwa na watumishi wangapi. Majibu hayo yaandikwe kwenye habari hiyo hiyo, hata kama yatamgusa mwenye hospitali ya binafsi au mganga mkuu wa wilaya.

Mfamasia,
Morogoro